Kulabu ya Bushra

Uzi ulianza kumkimbia Hadiya saa ya jua kali, soko la Makoroboi limejaa watu hadi kwenye mitaro. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya meza yake, amevaa dera la kijani, mtandio wa rangi ya machungwa umemteleza mabegani, anafuma foronya ya mto wa kochi kwa uzi mnene wa rangi ya samli. Nundu ya mwisho ya mstari ikafumuka yenyewe. Ikafuata ya pili. Kisha mstari mzima ukaenda kama zipu, na uzi ukawa unatambaa mezani, unashuka chini, unapita katikati ya viatu vya watu.

"Paka huyo," alisema Paskazia, mwenzake aliyekuwa akiuza mapazia meza ya pili.

"Paka gani wa kunivuta hivi?"

Wakasimama wote wawili kuangalia. Mbele huko, akikata umati kuelekea barabarani, alikuwa mwanaume mrefu mwenye shati la buluu lililolowa oili, begani amebeba pangaboi la injini ya boti, na kwenye ncha ya pangaboi lile uzi wa Hadiya umejiviringisha vizuri kabisa.

"Wewe kaka! Kaka wa pangaboi! Simama hapo hapo!"

Wanaume wote wa Makoroboi walisimama isipokuwa yeye. Hadiya akakimbia, mkono mmoja kashika kulabu ya kufumia, mwingine kashika kilichobaki cha foronya, akamkamata kwenye kona ya muuza betri.

"Unanivuta," alisema akihema.

"Mimi? Nakuvuta wapi, dada'ngu?"

"Angalia nyuma."

Akaangalia. Uzi ulikuwa umepita chini ya toroli la miwa na kumzunguka kiunoni mama mmoja aliyekuwa akichagua nyanya bila habari.

"Lahaula! Nimeharibu kazi yako."

"Hujaharibu, umefumua," alisema Hadiya, na sasa kicheko kilikuwa kinamsumbua. "Uzi haufi kwa kufumuliwa. Huu ulikuwa sweta la mtumba. Nikalifumua, nikaufua, nikaufuma. Nitaufuma tena."

"Kwa hiyo hunipeleki polisi?"

"Nakupeleka mezani kwangu. Utakaa, utanyoosha mikono, niviringishe uzi wangu."

Ndivyo yule wa pangaboi, fundi Nurudin, ambaye soko zima la samaki la Mwaloni, Kirumba, lilimjua kwa kutokaa kitako, alivyokaa mbele ya watu mikono imenyooka, uzi umezungushwa viganjani kama pingu. Hakuweza kujikuna pua. Hadiya alimkuna kwa mgongo wa kulabu, na hapo Paskazia akashindwa kujizuia.

"Hadiya, mikono umeshamfunga. Funga na miguu, mambo yaishe."

Kila mtu alicheka. Nurudin alicheka akiinamisha kichwa, na Hadiya akaona ana mwanya, na huo mwanya ukamharibia jioni yote, maana kila alipofumba macho aliuona.

Namba ya simu walipeana kwa kisingizio cha uzi. Simu zenyewe hazikuwa na uzi hata kidogo.

"Mama wa uzi."

"Abee, bwana pangaboi. Leo umemvuta nani?"

"Leo nimevutwa mimi. Toka asubuhi niko Makoroboi kichwani, mkono uko kwenye injini. Nimefunga nati kinyumenyume."

"Muongo wewe. Umekula?"

"Sato na ugali. Wewe?"

"Mimi nimekula maneno yako tu, ndiyo maana nina njaa."

"Basi nakuja na sato."

Na kweli alikuja Igoma alikokuwa anaishi Hadiya na mama yake, sato wawili ndani ya mfuko, viatu vimepigwa rangi. "Shikamoo mama," alisema akiwa bado barabarani. "Marahaba baba," mama alijibu, akampokea samaki, akamwangalia kucha zilizoingia oili, akaridhika. Baba wa Hadiya naye alikuwa fundi, enzi za uhai wake.

Siri hakuwa nayo Nurudin. Siku ya kwanza kabisa walipokunywa soda pamoja alimwambia kwamba aliwahi kuoa, kwamba mke wake aliitwa Bushra, kwamba alifariki. Aliyasema hayo matatu kwa haraka, kama mtu anayeshusha mzigo. Hadiya alisema pole. Hakuuliza zaidi, kwa adabu na pia kwa woga. Mimi ningemshauri aulize, lakini nani anauliza habari za mke wa kwanza wakati soda bado ina baridi?

Ijumaa moja baada ya swala alikuja mezani kwake na kanzu nyeupe, ananukia mafuta ya miski, mkononi ana mfuko wa kitambaa.

"Nina kazi yako," alisema. Hakutania.

Ndani ya mfuko mlikuwa na foronya ya mto wa kochi, rangi ya kahawa yenye maziwa mengi, uzi mnene, vinundu vimekaa safusafu kama punje za mahindi. Iliishia katikati. Kwenye kitanzi cha mwisho kulabu ilikuwa bado imechomekwa, kulabu nyembamba ya chuma iliyofungwa kipande cha kanga kwenye mpini. Chini yake kulikuwa na uzi uliobaki.

"Alikuwa anafuma mito sita," alisema Nurudin. "Mitano iko kwenye makochi nyumbani. Huu hakuumaliza. Naomba unimalizie wewe."

Hadiya aliishika kwa mikono miwili. Alisikia maneno yale kama mlango unafunguliwa. Mwanaume anakuletea kazi ya marehemu mkewe na kukwambia malizia wewe, maana yake nini kama si karibu ndani? Naye Nurudin alimaanisha hivyo hasa. Hapo hawakukosana.

"Nitaimaliza," alisema.

"Kesho naenda visiwani, injini mbili zimekufa huko nyuma ya Ukerewe. Simu haishiki. Nikirudi nitakupigia."

"Ukirudi utaikuta kwenye kochi."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana wasiofuma hawalijui hili. Kila mfumaji ana mkono wake. Mkono wa Bushra ulikuwa wa kubana. Alitumia kulabu nyembamba kwa uzi mnene, na vinundu vyake vilikuwa vigumu, ukivibonyeza vinakurudishia. Mkono wa Hadiya ulikuwa wa kulegeza. Alipoanza kufuma kuanzia pale kulabu ilipokuwa imesimama, kwa kulabu yake mwenyewe, kazi ilitanuka ghafla ikatoa kitambi. Akafumua mistari yake mitatu, akajaribu kwa kulabu ya Bushra. Uzi ukamkwaruza kidole na kitambi kikabaki pale pale.

"Mto una kiuno," alisema Paskazia. "Nusu mwari, nusu mzazi."

"Usinichekeshe. Nifanyeje?"

"Fumua yote, ufume upya mkono mmoja. Si ndiyo kazi yako ya kila siku?"

Ilikuwa kweli. Kwa Hadiya kufumua kulikuwa kama kumenya kitunguu, huwezi kupika bila hivyo. Maisha yake yote ya kazi yalianza kwa kukata mshono wa sweta la mtu asiyemjua na kuvuta. Hata hivyo alimpigia Nurudin kwanza. Namba haikupatikana. Alipiga asubuhi yake, haikupatikana. Akafumua mistari yake, akairudisha kulabu ya Bushra kwenye kitanzi, akaipiga picha ile nusu foronya ili ahesabu vinundu kwa mpangilio ule ule. Halafu akachomoa kulabu, akakamata ncha, akavuta.

Na lazima niseme hili pia, ingawa mwenyewe asingependa. Mistari ya Bushra ilipokuwa ikifumuka mmoja baada ya mwingine, kuna kitu ndani ya Hadiya kilifurahi. Kidogo tu. Alikiona, akakionea aibu, akaendelea kuvuta.

Nurudin alirudi Alhamisi. Dada yake, aliyekuwa na ufunguo na aliyejua siku ya boti kurudi, alikuwa amemfungulia Hadiya nyumba ya Kirumba mapema, mlango ukaachwa wazi kwa heshima ya majirani. Sebule ilikuwa ndogo na safi. Makochi ya buluu, mito mitano ya rangi ya kahawa, na katikati ya kochi kubwa Hadiya akauweka wa sita. Ulikuwa laini, umejaa, vinundu vimetuna kama maandazi. Hakuwahi kufuma kitu kizuri kama kile. Alikuwa amevaa gauni la maua na mtandio mpya, na wanja alioupaka, akaufuta, akaupaka tena.

"Hodi kwangu," alisema Nurudin mlangoni akitabasamu, begi la spana begani.

"Karibu kwako, mume wa injini. Tazama kochi lako."

Akatazama. Tabasamu lilibaki kidogo, kama taa inayochelewa kuzima. Akasogea, akapiga goti, akaushika mto, akaubonyeza. Ukabonyea.

"Yake iko wapi?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Nimeifuma upya, maana mikono yetu haikuelewana, ingetoka..."

"Kulabu iko wapi?"

"Ninayo kwenye pochi. Hii hapa."

"Ilikuwa kwenye kitanzi," alisema. Sauti ilikuwa ya chini sana. "Aliichomeka mwenyewe. Alisema kichwa kinamuuma, ngoja ajinyooshe kidogo. Mimi nilikuwa visiwani, Hadiya. Simu haishiki. Aliumwa asubuhi, alasiri hakuwepo, na kabla ya magharibi walishamsitiri, kama inavyotakiwa, siwalaumu. Nilifika kesho yake. Wamemwosha bila mimi, wamemswalia bila mimi, wamemzika bila mimi. Nguo zake walishagawa. Kitu pekee ambacho hakuna mtu aliyekigusa kilikuwa hicho."

Hadiya alibaki ameshika kulabu mkononi.

"Mimi nilisema umalizie kuanzia pale," alisema Nurudin. "Nilitaka nikae hapa nikuangalie unapita kutoka kwake kuja kwako. Na safari hii pia nimekuta mambo yameisha."

"Nilikupigia."

"Najua ulinipigia. Na wao walinipigia." Akampa ule mto, kwa upole, na upole huo ndio ulioumiza. "Chukua. Nenda nyumbani, tafadhali."

Akaenda. Alipita Mwaloni kwenye harufu ya dagaa na kelele za wapakiaji akiwa amekumbatia mto kifuani, na watu walimpisha wakidhani amebeba mtoto.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Angekuwa amemkosea kwa maneno, angeomba radhi kwa maneno. Angekuwa amevunja kitu, angekitafuta kingine. Lakini mistari ile ilifumwa na vidole vilivyokuwa chini ya udongo, na uzi wenyewe anao, wote, haukupungua hata shubiri. Alikuwa nacho chote na hakuweza kukirudisha. Mezani alikaa bila kufuma. Wateja waliuliza, Paskazia akawajibu kwa niaba yake.

"Mimi ndiye niliyekuambia fumua," alisema Paskazia, na macho yalikuwa mekundu.

"Mkono uliovuta ni wangu."

Alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe wa sauti: "Nuru, sikuombi unisamehe. Naomba tu ujue sikujua." Jibu lilikuja kesho yake, nalo kwa sauti, nyuma yake injini inakohoa: "Hadiya, sina hasira na wewe. Ningekuwa na hasira ningekuja tugombane yaishe. Sijui nina nini. Nikikaa sebuleni, siwezi."

Aliisikiliza hadi mama yake akamnyang'anya simu.

"Mwanangu, unamtaka?"

"Namtaka, mama. Nampenda hadi najichukia."

"Basi mfanyie unachokijua."

Alichokijua kilikuwa kimoja tu. Akaufumua mto wake, ule mzuri kuliko yote, bila kujihurumia. Akaiweka picha kwenye simu, akaikuza hadi vitanzi vikaonekana kimoja kimoja. Akashika kulabu nyembamba yenye kipande cha kanga, akaanza.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko aliyowahi kuifanya. Mkono wake ulitaka kulegea, akaubana. Kila mstari mwishoni, upande wa kushoto, Bushra aliruka nundu moja. Mwanzoni Hadiya alidhani ni makosa, kisha akagundua ni tabia, mwanamke yule alikuwa na haraka ya kugeuza. Palikuwa na mstari mmoja uliobana kupita yote, uzi karibu kukatika. Siku ile alikuwa amekasirika. Na nani? Labda na Nurudin, na safari zake. Hadiya akabana hivyo hivyo hadi kiganja kikafa ganzi, na bila kutarajia akalia, na alikuwa anamlilia Bushra, ambaye hakuwahi kumwona. Kile kifuraha kidogo cha siku ile hakikuwepo tena. Alifika kwenye kitanzi cha mwisho cha picha, akachomeka kulabu pale ilipokuwa imechomekwa, akaacha.

Alimkuta Nurudin ufukweni Mwaloni, alasiri, amekaa juu ya boti iliyofunikwa, sehemu za injini zimetandazwa kwenye turubai mbele yake. Alikuwa amekonda. Shati la buluu lilimning'inia. Alipomwona Hadiya akasimama, akafuta mikono kwenye suruali, hakujua aiweke wapi.

"Habari za siku nyingi."

"Si nzuri," alisema Hadiya. "Nimekuletea kitu. Lakini nisikudanganye kabla hujakishika. Si chake. Ni mimi."

Akatoa mfukoni ile nusu foronya. Nurudin akaipokea, akakaa. Akabonyeza vinundu. Vikamrudishia. Akapitisha kidole ukingoni kushoto, penye mapengo, mstari kwa mstari. Akafika kwenye ule uliobana, akacheka kicheko kimoja chenye machozi.

"Siku hii alinisusia. Nilisahau unga." Akamtazama. "Umefanyaje?"

"Nimemsoma kwenye picha. Mkono wake mgumu, Nuru. Nimeumia."

"Siwezi kutofautisha. Naogopa hata." Akaigeuza, akaigeuza tena. "Lakini si yake."

"Si yake. Yake niliifumua, na sina dawa. Hata nikifuma hadi nizeeke sina dawa."

"Sasa niifanyeje hii?"

Hadiya alikuwa amelifikiria jibu hilo njia nzima kutoka Igoma na bado hakuwa na hakika kama atafukuzwa.

"Lolote. Iweke kabatini kama ilivyokuwa. Au uifumue mwenyewe. Wengine wamefanya yote wewe hukuwepo. Leo upo."

Wapakiaji walipita na magunia. Boti ikawasha injini, ikazima. Nurudin alikaa muda mrefu kulabu ikiwa kati ya vidole viwili. Kisha akaichomoa. Kitanzi kikabaki wazi, kidogo, kinatetemeka kwa upepo wa ziwani. Akashika uzi, akavuta.

Alivuta polepole kuliko Hadiya alivyowahi kuona mtu akivuta. Nundu moja, anasimama. Nundu nyingine. Kwenye mstari wa unga alisimama kabisa, akafunika macho kwa mkono wenye oili, akaendelea. Hadiya alinyoosha mikono yake bila kuambiwa, na yeye akawa anauzungusha uzi viganjani mwake, wote, hadi fundo la kwanza lilipofunguka na hapakuwa na foronya tena.

Nurudin akaviinua viganja vyake viwili. Akamwombea dua mke wake, ndefu, kwa sauti, mbele ya ziwa na wauza dagaa, dua ambayo hakuwahi kupata nafasi ya kuisoma wakati udongo unafukiwa. "Amina," alisema Hadiya mikono imefungwa na uzi. Wapakiaji wawili waliokuwa wanapumzika karibu wakasema amina pia, bila kujua ya nani.

Baadaye akasema, "Usiondoke."

"Naondokaje? Angalia mikono yangu."

Akacheka, na mwanya ukaonekana.

Uzi ule Hadiya aliufua Igoma, akauning'iniza kwenye kamba ya nguo na jiwe chini yake ili unyooke. Ulikuwa umefumwa na kufumuliwa mara nyingi mno. Ulikauka, akaondoa jiwe, na ukarudi kujikunja kama tambi, si wote, lakini kiasi cha kuonekana. Mito mitano ya Bushra ilikuwa bado kwenye makochi ya Kirumba, na Hadiya alijua atakuja kuiegemea maisha yake yote. Hilo hakuwa na uwezo nalo, wala Nurudin hakuwa nao.

Mshenga alikuja Jumapili. Jumatatu jioni simu ikaita.

"Mama wa uzi. Mama amesemaje?"

"Amesema atajibu. Amekula sato wako wote, kwa hiyo ameshajibu." Kisha akauvuta uzi karibu. "Nuru, nimekaa na uzi hapa. Ule mto wa sita. Niufume kwa mkono gani?"

Hadiya akaitoa simu sikioni kuangalia kama imekatika. Haikukatika.

"Wako," alisema Nurudin. "Ila nisubiri. Usianze mpaka nije nikae."

Hadiya akaiweka kulabu mezani, akaenda kumfungulia mlango, ingawa Nurudin bado alikuwa Kirumba.